Gari Linalotangulia Wagonjwa

Mama Kidawa, jirani wa Siwema wa ukuta kwa ukuta, anaapa kwamba siku Mheshimiwa Ngwalu alipolitoa shangingi lake sadaka kwa wagonjwa, alilia. Si kulia kwa macho kulengwalengwa, la. Alilia kwa sauti. Akaikumbatia boneti, akaibusu taa ya kushoto, kisha ya kulia isije ikaona wivu, na mkewe yuko nyuma anamvuta shati: "Baba Zulekha, liachie jamani, watu wanatazama." Mama Kidawa hakuwapo. Lakini yuko shemeji wa binamu yake anayefyeka majani katika ua unaopakana na ua wa Mheshimiwa, na huyo aliyaona yote kupitia michongoma.

"Kupitia michongoma aliona hadi machozi?" mtu mmoja alimwuliza pale kisimani.

"We unataka aone nini tena? Mtu kalia, kalia."

Siwema aliisikia habari hiyo mara nne, na kila mara kilio cha Mheshimiwa kilizidi urefu. Hakubisha. Siwema, mfagizi wa zahanati ya Makorongo Saba, si mtu wa kubisha. Ni mtu wa kushika ufagio na kutazama. Alisoma hadi darasa la saba, akaishia hapo kwa sababu shule ya mbele ilikuwa bado imo katika ahadi, na toka siku hiyo kujifunza kwake kukawa kwa macho. Na macho yalimwonyesha jambo dogo ambalo Mama Kidawa alikuwa amelisahau: gari jipya la Mheshimiwa liliteremshwa Jumatatu asubuhi, na huruma kwa wagonjwa ikamwingia Jumatatu mchana. Si ajabu. Huruma nayo inahitaji mahali pa kuegesha.

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Iko palepale ilipo, katikati ya majirani zake, na inasifika kwa utulivu. Utulivu wake unatokana na heshima. Huko hakuna anayekaa kabla mkubwa hajakaa, wala anayeinuka kabla mkubwa hajainuka, na mkubwa akichelewa watu husimama tu, wengine wakazeekea hapo. Makorongo Saba ni kijiji cha nchi hiyo. Kimeitwa hivyo kwa kuwa kati yake na hospitali ya wilaya yapo makorongo saba na hakuna daraja hata moja, ingawa katika vitabu vya serikali madaraja yapo tisa.

Siwema alikuwa na mdogo wake, Mwanahawa, mwenye tumbo la miezi minane. Mimba yake ya kwanza ilimkwamia. Wanaume wanne walimbeba juu ya kitanda cha kamba kwa njia ya mkato; wakafika korongo la nne, mtoto hakufika. Safari hii Mkunga Yovina wa zahanati alimwambia bila kupindapinda: "Nyonga yako nyembamba, mwanangu. Huyu atatoka kwa kisu au hatatoka. Uchungu ukianza, hospitali, na usiku na mchana wenu uwe mmoja." Basi dada hao wawili wakawa wanaishi kwa kuhesabu makorongo. Habari ya shangingi ilipofika, Siwema hakuuliza nani kalia wala nani kacheka. Aliuliza tu, "Lina milango mingapi?"

*

Lilikuja siku ya Alhamisi, jeusi, refu, linang'aa hata pale ambapo halikuwa na sababu ya kung'aa. Lilikuwa gari la kazi ngumu, magurudumu yake manne yote yanavuta, limeundwa na mafundi wa mbali kwa ajili ya tope, mawe na mito. Maskini, maisha yake yote halikuwa limeona tope. Kwa miaka mitatu lilitoka nyumbani kwa Mheshimiwa hadi ofisini kwake, mwendo wa nyumba sita juu ya lami, na Jumamosi harusini. Dereva wake, Makame, aliyekabidhiwa pamoja nalo, anasema lilipovuka korongo la kwanza lilisisimka kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

Wageni walikuwa hawajafika. Gari lilikuwa kivulini, Makame anakunywa maji. Siwema alilizunguka mara moja, akalizunguka mara ya pili, kisha akasogea.

"Kaka Makame, mwenyewe alikuwa anakaa wapi?"

"Nyuma kushoto. Ndipo penye springi nzuri."

"Nzuri kweli?"

"Dada yangu, pale hata ukimeza yai bichi halipasuki."

Siwema akaenda nyumbani akarudi na kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua ya njano pembeni. Alikuwa amekifuma miezi miwili kwa ajili ya kochi la Mwanahawa, na kochi lenyewe lilikuwa bado halijapatikana. Akakitandika nyuma kushoto, akakinyoosha kwa kiganja. Mtu mwenye mimba hawezi kukalia ngozi iliyopigwa na jua, itamchoma. Ndilo alilokuwa akiliwaza, basi, hakuna jingine.

Sherehe zikaanza. Mheshimiwa hakuja, alileta hotuba. Mwenyekiti wa kijiji aliisoma neno kwa neno, na pale palipoandikwa "makofi" akasoma "makofi," watu wakapiga. Hotuba ilieleza jinsi Mheshimiwa alivyowapenda watu wa Makorongo Saba tangu alipojua kwamba wapo. Mkunga Yovina alishukuru kwa maneno kumi na moja, Siwema aliyahesabu, kisha akarudi kwa mgonjwa wake.

Ndipo akasimama Bwana Teofili, Afisa Itifaki kutoka Idara ya Heshima. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, anakanyaga kwa uangalifu kama mtu mwenye miguu ya kuazima. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kukagua kama zawadi imepokelewa kwa adabu inayostahili. Alifungua mlango wa nyuma kushoto. Akainama. Akakaa ameinama muda mrefu, mpaka ngoma zikanyamaza zenyewe.

"Nani ametandika hapa?"

Mwenyekiti alimsukuma Siwema kwa kiwiko.

"Mimi, Bwana."

"Kwa heshima ya nani?"

Jibu la kweli lilikuwa mdomoni, limekaa tayari juu ya ulimi: kwa ajili ya mdogo wangu. Lakini katika nchi ile swali kama hilo, likiulizwa mbele za watu na mtu mwenye kalamu, lina jibu moja tu, na watoto hulijua kabla ya kujua kuhesabu. Siwema aliwatazama watu mia tatu waliokuwa wakimtazama. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa juu na chini kumsaidia.

"Kwa heshima ya Mheshimiwa," akasema.

Watu walipiga makofi bila kusomewa. Bwana Teofili aliandika, akapiga mstari chini ya alichoandika, akafunga mlango polepole, kwa mikono miwili, kama anayefunga kasha la kitu kitakatifu.

"Mungu akuzidishie adabu, binti," akamwambia.

Na Siwema alifurahi. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo.

*

Barua ilikuja baada ya siku tisa. Ilikuwa na mihuri mitano, na kichwa chake ni hiki: HADHI YA KITI CHA NYUMA KUSHOTO. Mwenyekiti aliisoma uwanjani, watu wamesimama.

"Kwa kuwa imebainika," barua ilisema, "kwamba wananchi wenyewe, bila kushurutishwa, wamekitambua na kukitandikia kiti alichokuwa akikalia Mheshimiwa, na kwa kuwa kiti kilichotandikiwa mkubwa hakikaliwi na mtu mwingine ila kwa ridhaa ya mkubwa mwenyewe, na kwa kuwa viti vya gari moja ni ndugu, na si haki ndugu mmoja atukuzwe ilhali wenzake wanakaliwa na watu wenye homa, hivyo basi gari lote, pamoja na sehemu ya mizigo, linatangazwa kuwa Gari Lililostaafu kwa Hadhi."

Mwenyekiti alikunja barua. Watu walisubiri aendelee, kisha wakaelewa kwamba ndiyo imekwisha, wakapiga makofi machache ya wasiwasi.

"Samahani," alisema Mkunga Yovina. "Mgonjwa atakaa wapi?"

"Hilo limejibiwa ukurasa wa pili," alisema Mwenyekiti.

Ukurasa wa pili ulieleza Huduma ya Kusindikiza. Gari litatangulia, tupu, likipiga king'ora. Mgonjwa atafuata nyuma juu ya kitanda chake cha kamba, amebebwa na watu wanne, kwa umbali wa hatua kumi, si zaidi wala si pungufu. Dereva ataruhusiwa kuwamo garini, kwani kisheria dereva si abiria. Ni sehemu ya gari, kama usukani. Makame alipolisikia hilo alijitazama mikono. Mwisho, barua ilipiga marufuku wagonjwa kupita njia ya mkato ya zamani, maana kumbeba mgonjwa bila msindikizo, ilhali msindikizo upo, ni kumdhalilisha mgonjwa na kuidharau zawadi. Watapita njia ya gari.

Njia ya gari inazunguka. Inayavuka makorongo yaleyale saba, lakini pale yalipo mapana.

Wa kwanza kusindikizwa alikuwa mzee mwenye ngiri. Kwa njia ya mkato ulikuwa mwendo wa saa nne. Kwa msindikizo ulikuwa wa saa saba. Wabebaji walikula vumbi la shangingi toka korongo la kwanza hadi la saba, wakafika hospitali weupe kama watu waliopakwa unga, manesi wakadhani wagonjwa ni watano. Mzee alipona. Redio ya taifa ikatangaza kwamba zamani watu wa Makorongo Saba walikuwa wakibebwa gizani mwa ujinga, kimyakimya kama mizigo ya mkaa, lakini leo hii mgonjwa wa kawaida kabisa anatanguliwa na gari ambalo hata baadhi ya wakurugenzi hawajapata kulipanda. Mzee alihojiwa. Alisema king'ora kilimfanya ajione mtu.

Wa pili alipona pia. Wa tatu, mama mmoja aliyeumwa na nyoka, alifika akiwa marehemu, lakini alifika kwa king'ora, na Idara ikaiandikia familia barua ya pongezi.

"Mnaona lakini?" Mama Kidawa alisema msibani, anamenya viazi. "Gari lile lilipiga breki lenyewe roho ilipotoka. Lenyewe! Makame kaondoa mguu, gari likasimama. Lina adabu lile, kuliko watu."

"Mama Kidawa," alisema Siwema, "ulikuwepo?"

Lilikuwa swali la kwanza la namna hiyo kutoka kinywani mwa Siwema, na Mama Kidawa aliweka kisu chini. "Mwanangu, una nini?"

Siwema alimtazama Mwanahawa, aliyekuwa ameegemea ukuta, mikono chini ya tumbo. Zilibaki wiki tatu.

*

Siwema alikwenda mjini kwa miguu, kwa njia ya mkato, kwa kuwa alikuwa mzima na sheria haikumkataza mzima. Idara ya Heshima ni jengo la ghorofa mbili lenye milango mifupi, ili kila anayeingia ainame. Watu walikuwa wamepanga foleni wamesimama mbele ya mabenchi matupu. Siwema naye akasimama. Hakuuliza kwa nini. Alitazama, na baada ya saa moja akaona: kila benchi lilikuwa na kibao kidogo chenye jina la mkubwa aliyewahi kulikalia akisubiri chai.

Bwana Teofili alimpokea ofisini kwake akiwa wima. Meza yake ilikuwa imeinuliwa kwa matofali hadi kifuani. Nyuma yake kulikuwa na kiti kizuri cha kuzunguka, na juu ya kiti koti kuukuu la mtu.

"Binti wa kitambaa!" alisema, na uso wake ukafunguka kabisa. "Kitambaa chako nimekitolea mfano katika semina mbili."

"Ndicho kilichonileta, Bwana. Nataka kukitoa."

"Kukitoa?"

"Nilikosea. Nilimtandikia mdogo wangu. Ni mjamzito, na mkunga kasema hazai bila kisu. Nilidanganya kwa sababu watu walikuwa wananitazama."

Bwana Teofili alikwenda akafunga mlango. Akarudi kwenye meza yake ndefu. Alikuwa ameshusha sauti. "Usiliseme tena hilo. Kutandika kwa heshima ya mkubwa ni adabu. Kutandika kwa ajili ya mwingine, ukataja jina la mkubwa, hiyo ni nini? Hata neno lake hatuna, litabidi litungwe, na likitungwa litatungiwa na adhabu."

"Basi tusiseme nilidanganya. Tuseme nimeghairi."

"Kiti hakighairiwi na aliyetandika, mwanangu. Kinaghairiwa na aliyetandikiwa. Mheshimiwa mwenyewe aje, akae palepale, kisha ainuke kwa hiari yake na aseme mbele ya mashahidi, 'Nimeinuka.' Hapo kiti kinakuwa kiti."

"Basi aje."

"Akalie gari la zamani? Aliye na jipya?" Bwana Teofili alimhurumia kweli; ilionekana. "Iko njia nyingine. Tunaweza kumpandisha mdogo wako. Ipo nafasi ya Mheshimiwa wa Muda, hudumu siku moja. Akiwa Mheshimiwa, anapanda."

Siwema alisogea karibu na meza. "Inajazwaje?"

"Kwa kuteuliwa. Mteuzi yuko kwenye mafunzo ya uteuzi, nje. Akirudi, anaangalia elimu. Mdogo wako amefika wapi?"

"Darasa la saba. Kama mimi."

"Basi," alisema Bwana Teofili, na hakumaliza.

Siwema alikuwa akiitazama miguu ya afisa chini ya meza. Ilikuwa imevimba hadi kamba za viatu zimeachwa wazi, na vifundo havionekani tena.

"Hicho kiti cha nani, Bwana?"

"Cha mkuu wangu wa kwanza. Alikikalia siku ya kufungua ofisi, akaacha koti, akahamishwa. Hajasema 'Nimeinuka.' Nilimwandikia."

"Lini?"

"Miaka sita sasa." Alitabasamu kwa aibu, kama mtu aliyeulizwa umri wa mkewe. "Si vibaya. Asubuhi ni nafuu. Kuanzia saa nane mchana ndipo panapouma."

"Na nyumbani unakaa?"

"Nyumbani nakaa. Lakini siku hizi nikikaa, nashindwa kuinuka."

Siwema alitaka kumwonea hasira na hasira haikuja. Ilikuja huruma, na ile ilimtia hofu kuliko kitu kingine chochote alichokiona siku ile. Mtu huyu hakuwa mkatili. Mtu huyu alikuwa akimpa kila alichonacho. Bwana Teofili aliandika barua ndefu kwa Mheshimiwa, nzuri, yenye kuomba, akaipiga mihuri yake yote na akamsindikiza Siwema hadi mlangoni akichechemea.

"Majibu yakija nitakuletea mwenyewe," alisema. "Kwa mguu huu huu."

Ilikuwa siku kumi na nane kabla ya Mwanahawa kushikwa.

*

Uchungu ulianza alfajiri ya Jumanne, mapema kuliko ulivyotarajiwa, na majibu ya barua yalikuwa hayajaja. Saa mbili asubuhi Mkunga Yovina alimpima, akanawa mikono, akasema, "Twende." Wabebaji walikuwa wanane, wanne wa kubeba na wanne wa kupokezana. Mwenyekiti alikuja na kamba yake ya hatua kumi, akapima kutoka bampa la nyuma la shangingi hadi mguu wa mbele wa kitanda, akasogeza kitanda nyuma kidogo, akasema, "Haya, Mungu awatangulie," Makame akawasha king'ora.

"Kwa nini tusipite mkato?" mmoja wa wabebaji alinong'ona.

"Wa Kitope nao walipewa gari kama hili, wakapita mkato," alijibu mwenziwe. "Kesho yake ikaja lori kubeba vitanda vya zahanati yao. Waliambiwa kijiji kisichotaka kusindikizwa hakiumwi."

Wakapita njia ya gari. Siwema alikwenda pembeni ya kitanda, kashika mkono wa mdogo wake. Vumbi lilikuwa jekundu, king'ora kilikuwa kinakata masikio, na mbele yao gari kubwa jeusi lilikwenda taratibu kama bibi harusi, viti vyake vinne vitupu vinayumba kwa raha katika springi zake. Kila korongo lilishuka na kupanda bila taabu. Magurudumu yote manne yalivuta. Lilikuwa gari zuri, haikuwezekana kusema vinginevyo.

Korongo la kwanza, la pili, la tatu. Katika la tatu mbebaji mmoja aliteleza, kitanda kikainama, Mwanahawa akapiga ukelele ambao Siwema aliuona mdomoni lakini hakuusikia. Njiani watu walisimama kando, wakavua kofia kwa heshima ya gari. Mzee mmoja alilipungia mkono.

"Niongeleshe, dada," Mwanahawa alisema, na Siwema alilazimika kuinama kabisa ili amsikie. "Niambie chochote."

"Mama Kidawa anasema mtoto wako atakuwa waziri. Amemwota kavaa tai."

"Kwa hiyo atapanda gari." Alicheka kidogo, kisha uso ukabadilika, akauuma mkono wa Siwema.

Korongo la nne walilivuka. Siwema alikuwa amefumba macho; alipofumbua walikuwa ng'ambo, naye akaanza kuomba dua ya kushukuru. Hakuimaliza. Walipoingia la tano, ambalo ni refu na lina mchanga unaokamata miguu, Mkunga Yovina alisimamisha kitanda. Kamba za kitanda zilikuwa zinadondosha damu. Si nyingi mwanzoni. Gari nalo likasimama, hatua kumi mbele.

Siwema alikimbia hadi dirishani kwa dereva.

"Kaka Makame!"

"Siwema, rudi nyuma."

"Anatoka damu."

"Naona. Nina kioo."

"Fungua mlango. Makorongo mawili tu yamebaki. Wewe utayavuka kwa muda wa kuchemsha maji ya chai. Hatakalia kile kiti, naapa, nitamlaza nyuma kwenye mizigo."

"Kwenye mizigo kuna gurudumu la akiba," Makame alisema. "Nalo limo kwenye barua. Nalo limestaafu kwa hadhi."

"Kaka, tunatazamana wewe na mimi. Unajisikia unavyosema?"

Makame hakumtazama. Jasho lilikuwa linamtiririka ndani ya gari lile lenye hewa ya ubaridi. "Mwenzangu wa Kitope alimpakia shangazi yake, korongo moja tu. Unajua yuko wapi? Wamemsimamisha langoni kwa Idara, wageni wanaonyeshwa. Nina watoto, Siwema. Hata mimi huwa nawaza, nikifika nyumbani nawaza. Lakini hapa mimi ni usukani. Wameandika."

"Usukani hauna watoto!"

Siwema aligeuka akatazama nyuma. Wabebaji walikuwa wamekishusha kitanda juu ya mchanga, wamesimama wakikizunguka, wamegeuza migongo kumsitiri. Mwanahawa alikuwa ametulia, na utulivu ule haukuwa mzuri. Mkunga Yovina alikuwa amepiga magoti, ametoa kile kidude chake cha mbao, kama tarumbeta ndogo, cha kusikilizia moyo wa mtoto. Upande mmoja ameuweka juu ya tumbo, upande mwingine sikioni. Akahamisha. Akasikiliza. Akahamisha tena. Kisha akainua uso kwa Siwema akatikisa kichwa, si kwa kusema mtoto hayupo, bali akaonyesha sikio lake, akaonyesha gari. Midomo yake ilisema: sisikii.

King'ora kilikuwa kinalia. Kilikuwa kinalia toka asubuhi, na sasa, gari limesimama katikati ya kuta mbili za korongo, kilikuwa kinatoka, kinagonga ukuta, kinarudi.

Siwema aliweka mikono yote miwili ukingoni mwa dirisha. Aliongea polepole, kama anavyoongea na wagonjwa wazee.

"Basi, kaka Makame. Mlango uache. Barua iache. Nakuomba king'ora tu. Kizime kidogo, pumzi tatu, mkunga asikilize kama mtoto yupo."

Makame alitazama mbele, mikono yote miwili juu ya usukani, king'ora kinalia. Nyuma, Mkunga Yovina alikuwa ameinama palepale, sikio lake juu ya tumbo, na mkono mmoja ameuinua hewani, kama mtu anayewaomba watu wanyamaze.